Picha ya Miguu ya Rafiki Yangu

Nilikuwa karani wa zamu katika kiwanda cha mikate. Kazi yangu ilikuwa kupigia watu simu: wewe njoo kesho asubuhi, wewe pumzika, wewe mwenzako ameugua, ingia mahali pake. Kwa hiyo nilikuwa na namba ya kila mfanyakazi, na kila mfanyakazi alikuwa na yangu. Balaa lilipitia hapo. Mtu akiweka picha kwenye stetasi ya simu yake Jumapili, akiwa kwake mtaa wa Umoja au Mathare, mimi niliye mtaa wa Makadara naiona nikinywa chai.

Meneja alitoa barua. Ilisema hakuna mfanyakazi atakayeweka mtandaoni jambo la kuaibisha kampuni, hata akiwa nyumbani, hata siku yake ya mapumziko. Tukatia sahihi. Pale ukiuliza maswali uliambiwa geti liko wazi. Kisha akaniita peke yangu, akaniambia kila Jumatatu nipitie stetasi za watu nimtumie zile mbaya. Sikukataa, na sitajisingizia kwamba nilikataa. Nilijidanganya kuwa nitakuwa nikimtumia maua na mistari ya Biblia.

Wiki tatu sikumtumia kitu. Ya nne akaniuliza kama nimekuwa wakili wao, na kama ninajua ni barua ngapi za kuomba ukarani ziko kwenye meza yake. Niliogopa. Nina watoto wawili na ninawalea peke yangu. Siisemi hiyo kama udhuru, ila ndiyo niliyokuwa nikiiwaza.

Rafiki yangu alikuwa kitengo cha kufunga mikate. Tulijuana kabla ya kiwanda, tukiimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa. Mama yake alikuwa ametoka Magharibi kuja kuishi naye Umoja, na ndiye aliyekuja kumwosha mtoto wangu wa pili wiki zote nilizokuwa nimelala baada ya kujifungua. Alinipikia uji wa wimbi, akinitania kwamba sisi watu wa mlima, tofauti na wao wa Magharibi wanaomheshimu kuku, hatujui kuku aliumbwa kwa ajili ya nini. Nilimwita mama, naye akaitika.

Jumapili moja rafiki yangu aliweka picha ya miguu yake imevimba, ndani ya ndoo ya maji moto na chumvi. Chini ameandika: "Masaa kumi na mbili tumesimama. Kiti ni ya mdosi peke yake." Nilicheka kwa hilo la mdosi, yaani meneja wetu, nikamtumia vicheko. Asubuhi yake, nikitafuta cha kumpa meneja ili aniondokee, nikaona hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote. Haikuwa na uso wala aproni, na jina nililikata. Nani atafutwa kazi kwa sababu ya miguu?

Sikuiona ndoo. Kiwandani, ndoo za majarini zikibaki tupu hugawiwa wafanyakazi, na mtu wa stoo huandika juu ya kila moja namba ya kazi ya aliyepewa, kwa wino mweusi usiofutika, ili askari wa getini wasimshike kama mwizi. Nyumbani kwangu zilikuwa tatu. Nilikuwa nimezizoea hivi kwamba macho yangu yaliziruka. Meneja aliikuza picha kwa vidole viwili, akaisoma namba.

Katika kikao cha nidhamu mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu. Rafiki yangu alionyeshwa picha, akaitazama kwa muda. Hakukana. Halafu akanigeukia mimi, si meneja.

"Tangu hiyo barua itoke, naweka stetasi watu kumi tu ndio waone," alisema. "Tisa hawafanyi kazi hapa."

Meneja hakuelewa maana yake. Aliniambia niandike kwamba amekiri, nikaandika. Niliandika kwa mwandiko mzuri kabisa, na jambo hilo linaniudhi hadi leo.

Alifutwa siku hiyo hiyo. Nilimpigia simu, haikushikwa. Jumamosi nikaenda kwake. Mama yake alinifungulia, akanipa chai, akasema binti yake ametoka kidogo, ilhali viatu vyake vilikuwa pale mlangoni na sote wawili tuliviona. Nilipoaga alinishika mkono.

"Mpe muda, mwanangu," akasema.

Nikampa muda. Niliupenda muda huo kupita kiasi, kwa sababu ulinipunguzia aibu. Kwaya niliiacha, nikawa naenda ibada ya kwanza asubuhi nisikutane na mtu.

Simu yangu nayo ikakauka. Stetasi zake zilitoweka kwanza, kisha za wafungaji wenzake, kisha za watu wa tanuri, hadi kiwanda kizima. Walikuwa wakinificha stetasi zao. Kwenye simu yangu hakuna aliyekuwa akizaa, akioa wala akifiwa. Meneja alisema barua yake imefaulu, akaacha kuniuliza.

Mwaka haujaisha, nikamkuta rafiki yangu soko la Umoja akichagua mboga. Kitambaa chake cha kichwani kilikuwa kimeteleza, nikaona kichwa chake kimenyolewa. Kwao hunyoa baada ya mazishi. Nikamuuliza ni nani.

"Ni mama."

Alikuwa amezikwa mwezi uliopita, huko nyumbani Magharibi. Mikutano ya matanga ilifanyiwa hapo hapo Umoja, jioni baada ya jioni, na kwaya yote ilikuja. Nikasema hakuna aliyeniambia, na Mungu anisamehe, nilisema kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyekosewa.

"Niliweka kwa stetasi," akajibu bila ukali. "Siku tisa."

Siku hizi huku kwetu msiba hutangazwa hivyo. Picha ya marehemu inawekwa, anayeiona anajua pa kwenda. Nilitaka kumwambia kuhusu uji, kuhusu mtoto wangu ambaye sasa yuko darasa la pili na bado anamwulizia nyanya wa Umoja. Niliishia kusema pole.

"Asante, madam," akasema.

Wafanyakazi wengine wote waliniita hivyo. Yeye hakuwahi. Alilipia mboga zake, akajifunga kitambaa vizuri, akaenda.