Wa Pili Ndiye Husoma

Gari nililonunua lilikuwa banda la kuku. Sisemi lilifanana na banda. Kuku walilala ndani kweli, katika uwanja wa jirani yangu, kwenye mtaa wetu uitwao Kenya kama ile nchi, na tulipoliondoa jogoo mmoja alirudi siku tatu mfululizo kutafuta kiti chake. Lilikuwa gari dogo la Kifaransa, la miaka mingi, halina matairi, lina vioo viwili tu. Nilimpa jirani redio yangu, yeye akanipa gari. Mke wangu aliuliza redio imekwenda wapi. Nikamwambia imekwenda kumfunga mtu mdomo.

Mtu huyo alikuwa patroni wangu wa zamani. Nilimfanyia kazi miaka sita katika garaji yake, na fundi alikuwa fundi, sikatai. Lakini macho yake ya karibu yalikuwa yamekwisha. Mbali aliona kama kipanga. Akishika kipimo cha chuma mkononi, mistari ile midogo ilimpotea. Miwani hakutaka hata kuisikia. Miwani, alisema, ni ya makarani. Basi mimi ndiye niliyemsomea vipimo vyote, kimya kimya, na siri hiyo niliitunza vizuri kuliko siri zangu mwenyewe. Hata mke wangu sikumwambia.

Halafu baba mkwe akafariki, nikaenda matangani Lukafu wiki nzima. Niliporudi nilikuta gari la mteja mmoja mkubwa limekufa moteri, yaani injini, njiani kutoka Likasi. Patroni aliijenga moteri hiyo nilipokuwa sipo. Alipima peke yake, akakosea peke yake. Asubuhi ile mteja alisimama langoni katika suti yake ya abakosti, na watu wengine kama kumi nyuma yake, na patroni akaninyoshea kidole.

"Ni huyu. Mikono yake iko ya kulima muhogo, hapana ya moteri. Toka mu garaji yangu!"

Nilikuwa na neno moja tu la kujitetea: wiki ile mimi nilikuwa Lukafu. Nililisema. Nani alisikia? Patroni ni patroni. Jioni habari ilikuwa imefika hadi mtaa wa Katuba, na kwa mwaka mzima hakuna aliyeniachia hata plagi ya kusafisha. Nikawa natengeneza baiskeli. Sizidharau baiskeli, lakini kila mnyororo niliokaza niliukaza kama shingo yake.

Mjini wakati huo kulikuwa na mashindano ya magari. Si ya mabingwa; ya watu wa kawaida wenye wazimu kidogo: wafanyabiashara, mwalimu mmoja, Mgiriki mwenye duka la mikate, wenye magaraji. Kila mmoja alipaswa kuja na gari la aina moja, lile dogo la Kifaransa, na moteri iwe kama ilivyotoka kiwandani. Hakuna kupanua kitu, hakuna kuongeza kitu. Mwanzoni wakuu wa chama cha mashindano ndio walioikagua moteri ya mshindi, na kila mara watu walisema wamehongwa. Basi wakaweka sheria ambayo sijaisikia mahali pengine: wa pili ndiye aifungue moteri ya mshindi mbele ya watu wote, aipime, na asome vipimo kwa sauti. Aliyeshindwa atampendeleaje aliyemshinda?

Patroni alikuwa ameshinda mara mbili. Kusomewa alikuwa amesomewa. Kusoma, bado. Siku wazo hilo liliponijia nilicheka peke yangu mpaka mwenye baiskeli akaniuliza kama niko mzima. Nilitaka vitu viwili: jina langu lirudi, na yule mtu asome.

Miezi mitano nilifanya kazi uani. Nilikwangua mavi ya kuku, nikapiga kutu kwa msasa, nikaishusha moteri juu ya mkeka. Kwa kuwa huruhusiwi kuongeza nguvu, kazi yote ni kuhakikisha hakuna nguvu inayopotea. Supapu, yaani vali, nilizisaga kwa mkono, kwa unga wa kusagia na kijiti, mpaka mafuta ya taa niliyomimina juu yake hayakupenya hata tone. Pistoni nne nilizipeleka kwa Mkasai mwenye duka la dawa, tukazipima kwenye mizani yake ya vidonge, nami nikapunguza kwa tupa, chembe kwa chembe, mpaka zote zikawa na uzito mmoja. Kifaa cha kukazia boliti kwa kipimo alikuwa nacho patroni. Mimi nilichukua bomba la urefu wa mita, nikafunga mwishoni mizani ya ndoana ya kupimia samaki, nikavuta hadi mshale ukasema basi. Mke wangu ndiye aliyeuangalia mshale.

Patroni alipata habari, akaja siku moja kutuchekelea, akiniita raia kwa Kifaransa cha serikali.

"Citoyen, hii iko motokari, ao ungali unachunga makuku?"

Mke wangu alijibu kabla yangu. "Karibu, patro. Lakini uangalie chini, usikanyage mavisi yetu."

Tulikuwa tumepanga skrubu zote kwenye mkeka, kwa mistari. Patroni akatazama chini, akaangalia sana, akakanyaga tatu. Alipoondoka mke wangu aliniuliza, "Ule muzee haoni muzuri?" Nikainama kuziokota zile skrubu. Siri ile ilikuwa yangu, na nilikuwa na mahali pa kuifungulia.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumapili, kwenye uwanja wa udongo upande wa njia ya Kinsevere. Tulikuwa magari saba, mizunguko ishirini. Vumbi jekundu lilipanda mpaka hukuona bendera. Nilitangulia kwenye mzunguko wa tisa, na gari langu lilikwenda laini, bila kukohoa, huku wenzangu wakikohoa. Patroni alikuwa nyuma yangu. Ningeweza kufurahi hapo. Lakini kwenye mzunguko wa kumi na nane nilitazama kioo, nikamwona Mgiriki wa mikate akimpita.

Moyo ulinishuka. Patroni akiwa wa tatu hasomi kitu. Atakunywa bia yake na kwenda nyumbani. Nikafanya jambo ambalo dereva hafanyi: niliondoa mguu kwenye mafuta. Mgiriki aliponikaribia nilimzibia kushoto, nikamzibia kulia, akapiga honi, akanitukana kwa lugha zake zote, na kwenye kona ya mwisho patroni akampita kwa nje kama nilivyomwombea. Halafu nikakanyaga mafuta. Nilifika wa kwanza, naye wa pili kwa msaada wangu mwenyewe.

Meza ililetwa. Watu walizunguka, na miongoni mwao niliwaona wengi wa wateja wake. Patroni alifungua boliti moja moja, akainua kulasi, kile kifuniko kizito cha juu ya moteri, akalipitisha dole gumba ndani ya silinda, polepole, zote nne. Akatoa pistoni, akaipapasa. Halafu akauinua uso.

"Mie sina lazima ya kusoma," akasema. "Bidole byangu binajua. Hii kazi iko safi. Huyu muntu iko fundi, na ni mie nilimufundishaka. Ile maneno ya moteri ya Likasi, tuiache."

Watu wakapiga makofi. Jina langu lilikuwa limerudi, pale pale, kwa mdomo wake, mbele ya watu waliolisikia likichafuliwa. Mtu mwema angempa mkono. Nami niliona jinsi alivyoteleza asisome: makofi yale nusu yalikuwa yake.

"Soma, patro," nikasema. "Sheria iko sheria."

Akanitazama. Alielewa palepale. Alikibana kipimo kwenye pistoni, akakisogeza karibu na pua, akakipeleka mbali, akakigeuza kwenye mwanga.

"Milimita makumi munane na tano," akasema.

"Hiyo pistoni ya lori!" mtu mmoja akapiga kelele, na watu wakacheka. Kicheko kikaishia njiani. Wateja wake walitazamana. Patroni alininyoshea kipimo, mimi, si mwingine, ili nisome. Niliweka mikono yangu nyuma, nikaifunga. Mwalimu akajipenyeza, akakichukua kipimo, akasoma: hamsini na nane, kama ya kiwandani.

Jumatatu magari matatu ya wateja wake yalisimama mbele ya uwanja wangu. Kabla ya mvua kuanza patroni alifunga garaji, akahamia kwa dada yake kule Kipushi. Wanaonisikia nikisimulia hungoja niseme nilijuta. Sijajuta. Kinachoniuma ni kwamba nilisimama upande mbaya wa meza, jua likanipiga machoni, na uso wake, aliponinyoshea kile kipimo, sikuuona vizuri.