Mafuta ya Nyonyo kwenye Gari la Harusi

Mwanangu, kabla hujafungua hizo chupa na makopo ya kung'arishia gari uliyorundika barazani, kaa kwanza. Nakumbuka siku moja, miaka ya hamsini, nilipotaka gari ling'ae kuliko gari lolote lililowahi kushuka kutoka Kilolo. Hata leo nikisimulia moyo hunidunda kwa raha, na kwa aibu kidogo.

Baba mdogo alikuwa amenunua gari kuukuu, jeupe kama maziwa, kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Nyumbani kwetu mimi peke yangu ndiye niliyejua kuendesha, kwa hiyo nikapewa kazi ya kumpeleka dada yangu Agatha kufunga ndoa Tosamaganga. Gari la kwanza la harusi katika ukoo wetu! Wiki nzima sikutulia.

Mzee Luhanga, dereva wa lori aliyenifundisha usukani, aliniagiza ninunue nta ya gari Iringa mjini. Dukani nikaonyeshwa kikopo kidogo, mfano wa kile cha dawa ya viatu. Nikacheka. Niliona kitaishia kwenye boneti tu, nikarudi mikono mitupu, mjuaji mimi.

Nyumbani bibi alikuwa na kibuyu cha mafuta ya nyonyo ya kumpaka bibi harusi, kama ilivyokuwa desturi yetu. Nikajiuliza, mafuta yanayomng'arisha mwari yatashindwaje na bati? Nikamimina nusu kibuyu, nikapaka kuanzia boneti hadi vishikio vya milango. Mwanangu, lilimeremeta! Majirani walikuja kujitazama sura, kina mama wakirekebishia vilemba hapo hapo. Jioni ile nilipita kijijini kifua mbele.

Kesho yake tukaondoka, lori la Mzee Luhanga mbele na wageni wakiimba, mimi nyuma na dada, yeye akiwa ndani ya gauni jeupe alilolishona kwa mkono miezi mitatu. Ilikuwa kiangazi, na vumbi la barabara ile si la mchezo. Kila punje iliyorushwa na lori ilinasa. Tuliposimama Mto Ruaha Mdogo kuongeza maji kwenye rejeta, gari lilikuwa rangi ya tofali. Nikafuta kwa leso, likawa tope. Nikautazama mlango ule, nikamtazama dada. Akishuka pale, gauni limekwisha.

Mzee Luhanga akapitisha kidole kwenye boneti, akakinusa.

"Huyu uliyempaka si mwari," akasema. "Ngozi inakunywa mafuta. Rangi ya gari hainywi, inayaacha juu yangojee vumbi. Nilikutuma nta kwa sababu nta inakauka."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilivunjika mbele ya mashangazi wote. Lakini mashangazi wale, Mungu awarehemu, hawakunisema. Walishuka kwenye lori, wakafunga vitenge vizuri, wakateka maji, wakatoa kipande cha sabuni, wakaliosha gari kwa nyimbo na vigelegele hadi watu wa ng'ambo wakavuka kuja kusaidia. Mzee Luhanga alivua shati lake, akakaushia milango. Bibi naye akashuka, akatandika khanga mlangoni, maana kazi yangu hakuiamini tena.

Tulifika tumechelewa, gari safi lisilong'aa hata kidogo. Nikamfungulia dada mlango, kichwa nimekiinamisha. Akashuka, gauni halina doa, akaninong'oneza, "Kaka, inua kichwa. Leo wa kung'aa ni mimi."

Nikacheka huku nalia.

Basi sikia, mwanangu. Kila kitu kina mafuta yake. Nta ya sakafu iache sakafuni, na majivu ya kusugulia sufuria yabaki jikoni. Chagua nta iliyotengenezwa kwa ajili ya rangi ya gari, soma maelezo yake, ujaribu kwanza mahali pasipoonekana. Osha gari, likaushe, lipeleke kivulini, kisha paka kidogo sana, ingoje ikauke, ufute kwa kitambaa laini. Kikopo kile nilichokicheka kingetosha magari matatu. Na aliyekutangulia barabarani akikuagiza kitu, kilete hicho hicho, ujuzi wako uuonyeshe siku nyingine.

Mungu akujalie mikono yenye subira na masikio yanayosikia. Na siku utakapompeleka mwari wa watu kanisani, afike salama, ashuke bila doa, ang'ae yeye.