Bolti ya Kumi na Mashine Iliyotembea

Jua halijapanda sana mtaani Suna, mjini Migori, na tayari Terry Mong'ina anazozana na bolti. Ameishika kwa vidole viwili mbele ya kompyuta, anaigeuzageuza, kisha anawauliza mafundi wote: "Hii mnaiitaje?"

"Kumi na saba!" wanajibu.

Anaandika hivyo hivyo. Hajaribu kuwasahihisha. Alishawahi kuzipa bolti majina yake mwenyewe, na yaliyompata yanasimuliwa mpaka leo kwenye vibanda vya chai.

Terry huchora mashine za kusaga kwa kompyuta katika karakana ya Mzee Okemwa. Michoro hutoka Suna. Mashine huungwa tawi la Sindo, Kaunti ya Homa Bay. Zamani kila mchoraji alijichorea bolti zake na kuzibatiza apendavyo.

"Kulikuwa na bolti inaitwa Mpya, ingine Mpya Kabisa, ingine Hii Ndiyo," anasema. "Na zote ni bolti moja!"

Mwaka huu akapewa kazi ya kukomesha vurugu hiyo. Alichukua maktaba ya kompyuta yenye vipuri vya kawaida, ambamo kila bolti na nati ina mchoro mmoja tu, akaiunganisha na programu inayotunza data za karakana. Ukichagua bolti Suna, jina lake linatokea kwenye skrini ya stoo ya Sindo. Ukilirekebisha mara moja, linabadilika kwenye michoro yote.

Mzee Okemwa, aliyezoea kuchora kwa chaki sakafuni, alikubali shingo upande. "Mashine ya kwanza ikikataa, hii kompyuta inarudi kwa boksi yake," alionya. "Na wewe utafute kazi kwingine."

Terry anasomesha wadogo zake kwa kazi hiyo. Aliogopa, na hafichi.

Mashine ya kwanza ilikuwa ya Bathsheba, mfugaji wa Sindo anayesagia kuku wake omena, wale dagaa wa ziwani. Ilihitaji bolti zenye unene wa milimita kumi. Kwa nia njema kabisa, Terry akaandika kwa Kiswahili: Bolti ya Kumi.

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Mafundi wa huku huita bolti kwa namba ya spana inayoifungua. Bolti ya milimita kumi hufunguliwa kwa spana ya kumi na saba, basi hiyo ni Kumi na Saba. Ukiomba ya Kumi, utapewa kile kijibolti chembamba cha milimita sita. Elkana, mtunza stoo wa Sindo, akatoa hicho.

"Niliona inapwaya," anakiri. "Lakini tuliambiwa kompyuta haikosei. Nikaongeza washa, kile kipete cha chuma. Bado. Nikaongeza ingine. Washa zikapangana kama chapati kwa sahani."

Ilipowashwa, mashine haikusaga. Ilitembea. Ilitoka bandani ikitetemeka, omena zikaruka, kuku wakatawanyika, na ikasimama tu pale waya wa umeme ulipochomoka ukutani.

"Mimi nilinunua mashine ya kusaga," anasema Bathsheba, ambaye sasa anaweza kucheka. "Wakaniletea ya kucheza ngoma ya ohangla!"

Okemwa akampa Terry mpaka Ijumaa jua lizame, maana Sabato ikiingia hakuna anayegusa chuma. Terry akaenda Sindo mwenyewe, mkoba umejaa bolti. Elkana alikuwa mlangoni.

"Nyar Kisii," akamtania kwa Kijaluo, yaani binti wa Kisii, "leo hii inaitwa nini?"

"Vile wewe unaiita, baba."

Wakafunga bolti pamoja. Palepale Terry akaongeza kwenye maktaba nafasi ya namba ya spana, na kila mchoro ukaipata. Jua likiinama, Okemwa akapiga simu.

"Imetulia?"

"Imetulia, mzee. Skiza."

Alisikiliza mngurumo muda mrefu. "Haya. Jumapili uje kazi."

Sasa Terry anapanga kuingiza bering, ambazo Sindo huitwa kwa majina ya magari zilikotolewa. "Safari hii nauliza kwanza, ndio naandika," anasema.

Na lile boksi la kompyuta? Okemwa alimpelekea Bathsheba, kuwapoza kuku wake. Mmoja anatagia humo.

"Hata nikitaka kurudisha kompyuta," anasema mzee, "huyo kuku nitamwambia nini?"