Parfum ya kupokea mupima hewa

Bandugu, leo machine yangu imelia kuliko mutoto mwenye njaa! 😂

Kazi yangu ni kupima hewa mu manyumba.
Maman moja wa Kadutu alijua nitakuja. Basi akafunga madirisha yote juu ya baridi, akaweka babula, ile jiko ya makala yenye kuwaka moto, pembeni ya kiti changu, kisha akapuliza parfum ya kunukia kila fasi.

«Nilitaka ukute hewa nzuri, mwanangu!»

Machine: piii! piiii!

Nikamuambia: «Maman, makala ya moto mu nyumba yenye kufungwa inatoa hewa yenye kuua watu. Tufungue.»

Akafungua, lakini roho ilimuuma. Mugeni akae mu baridi?

Machine ikanyamaza.
Miye nikaanza kupiga chafya.

«Unaona?» akasema, akinifunika kikwembe chake. «Hewa yako ndiyo iko na magonjwa!»

Nyinyi mungemujibu nini?