Mwonjaji aliyekataa kumwaga pipa la 31

Saa tano kasoro robo asubuhi Rozette Walravens anapiga magoti mbele ya pipa namba 31, anaweka sikio kwenye mbao kama mkunga, kisha anaguna. Mkononi ana koleo na glasi mbili tupu. Glasi moja haimtoshi kwa kazi ya leo.

Tangu kikombe cha kahawa cha alfajiri hajatia kitu kinywani. Hajajipaka mafuta, hajanawa kwa sabuni ya manukato, na Ijumaa iliyopita alimfukuza mwandishi wa makala haya mlangoni kwa kosa la kula kitunguu.

"Rudi Jumatatu," alisema. "Na uje na mdomo safi kama wa kwenda kanisani."

Rozette ana miaka sitini na miwili. Kazi yake katika kiwanda hiki kidogo cha bia, hapa kijijini Wolvenberg katika bonde la Zenne, ni kuonja. Humu chumbani kuna mapipa arobaini na sita ya mwaloni, yote yalibeba mvinyo Ufaransa kabla hayajaletwa huku kubeba bia chachu, tena ile kali, inayolala miaka miwili au mitatu kabla ya kutiwa chupani. Utando wa buibui umetanda kila kona na ole wake atakayeugusa, maana buibui ndio wanaokamata nzi wa matunda.

Leo kuna kesi ya kuamuliwa. Pipa namba 31 liliugua Oktoba. Bia iliyomo ilikuwa mlenda, ukiinua glasi inavutika nyuzi. Alhamisi lori linaleta tani mbili za cheri, na cheri zinahitaji mapipa. Bia ikiwa bado mgonjwa leo, inamwagwa.

"Hatukupatana hivyo, Shangazi Zette?" anauliza Wouter Appelmans, mwenye kiwanda, kijana wa miaka thelathini na minne aliyesimama mlangoni na simu yake mkononi. "Mpaka cheri. Sikusema mpaka kiama."

"Nimekusikia, bosi. Nilikubadilisha nepi, nitashindwa kukusikia?"

Wahenga walisema subira huvuta heri. Wao hawakuwahi kufukuzwa na lori la cheri.

Ugonjwa huu wa bia wenyeji wa bonde wanaujua vizuri. Bia isiyotiwa hamira ya dukani, iliyoachwa ipoe wazi ikavamiwa na vijidudu vya hewani, hupitia mengi ndani ya pipa. Wakati mwingine hunenepa ikawa na ute. Haidhuru mtu, ila hakuna anayeitaka mezani. Baada ya miezi kadhaa, hasa joto likirudi, vijidudu vingine huula ule ute na bia hupona yenyewe. Au haiponi. Hakuna anayeweza kukuapia.

"Bia ikiugua haipewi dawa," anasema Rozette. "Inapewa muda. Hayo maneno si yangu, ni ya Mzee Remi."

Mzee Remi Steppe ni babu yake Wouter, mzaa mama. Ana miaka themanini na tisa na anaishi katika nyumba ya wazee, nyuma ya kanisa. Bia ya pipa namba 31 ndiyo ya mwisho aliyoipika. Ilikuwa Februari mwaka juzi, akiwa ameketi kwenye kiti kando ya sufuria kubwa ya shaba, miguu imevikwa blanketi, akitoa amri na matusi kwa zamu. Wiki iliyofuata miguu ilikataa kabisa.

Rozette alianza kazi kwa mzee huyo mwaka 1981, akiwa na miaka kumi na tisa, kwa mshahara wa faranga elfu ishirini na tatu kwa mwezi. Aliajiriwa kuosha mapipa. Kuonja kulikuja baadaye, baada ya Remi kugundua kwamba binti huyu akinusa pipa tupu anaweza kusema lilibeba nini.

"Nyumbani kwetu tulikuwa na farasi wa mkokoteni," anakumbuka. "Babu yangu akimvua farasi blanketi lake jioni, harufu yake ilikuwa ya jasho na nyasi kavu. Nikaja kuikuta humu, ndani ya bia. Nilisimama pale nikalia kama mjinga. Babu alikuwa amekufa siku nyingi, na farasi pia."

Wakati ule, anasema, ungeweza kuzunguka kwa baiskeli ukapita viwanda kumi na kimoja kabla ya chakula cha mchana. Leo vimebaki vitatu. Wolvenberg peke yake ilikuwa na vilabu kumi na vinne. Jumapili wanaume waliwaachia njiwa wao wa mashindano, wakaja kuwangoja kwenye meza za nje na mkate wa jibini laini na figili. Bia ililetwa kwenye magudulia ya udongo, na pembeni palikuwa na vibonge vya sukari na mchi mdogo wa chuma. Aliyeona uchachu umemzidi alitia sukari akaiponda mwenyewe ndani ya glasi.

"Na walivyokuwa wanachekwa!" Rozette anapiga paja. "Ukigusa ile sukari tu unasikia meza ya pili, 'Haya, mama, mletee mtoto maziwa!' Sasa kilabu kimebaki kimoja, na njiwa wanafuatiliwa kwenye simu. Wazee wanasema eti ni maendeleo, lakini hawayasemi wakiwa na furaha."

Miaka ya themanini ilikuwa migumu. Watu walitaka vinywaji vitamu na baridi, na bia chachu ikaitwa bia ya marehemu. Mwaka 1987 Remi aliweza kumlipa Rozette siku mbili tu kwa wiki, na siku zilizobaki binti alisafisha madarasa ya shule. Leo anapata yuro elfu moja na mia tisa mkononi, na wageni wanatoka mbali kuja kuonja kile ambacho wajukuu wa hapa walikikataa.

Lakini kilichomweka magotini asubuhi ya leo si njaa ya zamani wala mshahara. Ni jambo alilolifanya mwaka 1983, ambalo kwa miaka arobaini na moja watu wawili tu walilijua, yeye na Remi.

"Andika," anasema bila kugeuka. "Desemba naacha kazi. Andika tu."

Mwaka huo wa 1983 Christiane, binti pekee wa Remi, alikuwa anaolewa Septemba. Baba mtu alikuwa ameweka pipa moja tangu miaka miwili nyuma, bia kali kuliko zote alizowahi kupika, kwa ajili ya siku hiyo. Masika yalipofika pipa likaugua. Remi alilionja, akacheka, akaweka msalaba wa chaki, akaenda zake kumzika shangazi yake mjini Aalst.

Rozette alibaki peke yake. Aliona msalaba. Akaonja, akakuta ute kama wa yai. Akajua, kwa akili ya binti wa kazi aliyetaka kusifiwa, kwamba mzee ameona uchungu kuimwaga mwenyewe na ameuweka ule msalaba ili mwingine afanye hivyo.

Akavuta kizibo. Lita mia nne zikaenda mtaroni. Aliosha pipa kwa maji moto mara tatu, akalikausha, akaketi kumngoja tajiri wake aje afurahi.

Maji yakimwagika hayazoleki, na bia ndiyo kabisa.

"Alirudi na suti yake nyeusi ya msiba," anasema Rozette. "Akaangalia pipa, akaniangalia mimi. Akauliza, 'Yote?' Nikamwambia, 'Yote, Mzee, na nimelisugua.' Akavua kofia. Nilidhani atanipiga. Akaenda kukaa uani mpaka giza likaingia."

Wiki nzima hakusema naye. Siku ya nane alimwita, akamwonyesha pipa jingine lenye msalaba, na kumwambia msalaba maana yake ni "usiguse". Kwenye harusi watu walikunywa bia ya kreti kutoka dukani. Waliouliza, Remi aliwaambia pipa lilivuja. Rozette alikuwa pale, na gauni lake jipya, akimsikiliza akidanganya kwa ajili yake.

"Mama yangu mpaka leo analalamikia harusi ile," anadakia Wouter. "Bia ya kreti! Binti wa mpika bia!"

Wouter aliambiwa ukweli Februari hii, siku alipoleta mpira wa maji ili amwage namba 31. Rozette alisimama mbele ya pipa akamwambia kila kitu. Anataka Mzee Remi, kabla hajafumba macho, anywe glasi moja ya pipa lililougua na kupona mikononi mwa Rozette. Kijana alikunja mpira wake. Ndipo wakapatana, mpaka cheri.

Sasa Rozette anabana kwa koleo kijiti cha mbao kinachoziba tundu dogo la pipa, anakivuta. Uzi mwembamba wa bia unaruka na kuingia kwenye glasi. Anakirudisha kijiti, anainuka akishika kiuno.

"Nyamazeni," anaamuru. "Zima hiyo simu."

Anainua glasi moja juu ya nyingine na kumimina. Bia mgonjwa haina sauti, huteremka kimya kama mafuta ya kupikia. Mwezi wa tano alimimina hivi hivi hawakusikia kitu.

Leo inasikika. Inachuruzika na kugonga kioo, na povu jembamba linapanda, linafifia. Rozette anamimina tena, kutoka glasi hii kwenda ile, kisha tena. Wouter amefunga macho.

Anaonja mwisho kabisa. Rangi ni ya kahawia yenye wekundu, kama maji ya ukwaju yaliyolala. Mwandishi naye anapewa tone. Uchachu unabana mataya mpaka mate yanatoka yenyewe, kisha zinakuja zabibu kavu, mbao zilizokunywa mvinyo, na nyuma yake, kweli kabisa, farasi. Ukali unashuka kifuani taratibu na kukaa huko.

"Haya," anasema Rozette, na machozi yanamtoka bila kuyaficha. "Haya, wewe. Umenitesa."

Wouter anamkumbatia. Halafu, kwa kuwa ni mfanyabiashara, anapanga. Jumatano waitoe, waitie chupani, Alhamisi pipa lipokee cheri. Chupa ya kwanza kwa babu. Rozette anakubali kila kitu. Anasema hata chupa haina haja ya kungojwa, leo leo apelekewe gudulia.

Saa nane mchana Mzee Remi yuko kwenye kiti chake dirishani, mwembamba, amenyolewa vizuri. Mhudumu anajifanya hajaliona gudulia.

"Binti," anasema akimwona Rozette. Bado anamwita hivyo. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, Mzee. Kuna aliyepona."

Anammiminia. Mzee hanywi kwanza. Anaipeleka glasi sikioni, anaitikisa, ananusa, anaitazama kwenye mwanga. Kisha anapiga funda moja na kulishikilia mdomoni muda mrefu, mashavu yakicheza.

"Imepona," anasema.

Rozette anashusha pumzi.

"Lakini haijatulia. Bado ina fujo za ugonjwa. Iacheni mwaka mmoja."

"Babu," Wouter anaanza, "cheri zinafika Alhamisi."

"Cheri nilizijua kabla ya mama yako. Tafuta pipa lingine."

Rozette anachutama mbele ya kiti, anamshika mkono. "Mzee, una miaka themanini na tisa. Mimi nataka uinywe wewe. Ile ya harusi nilikunyima. Mwaka mzima ni mrefu."

"Mrefu kwa nani? Bia haina haraka." Mzee anampa glasi iliyobaki nusu. "Sikiliza, binti. Ile uliimwaga mtaroni kwa sababu hukuweza kungoja. Hii unataka kuimwaga kwenye chupa kwa sababu hiyo hiyo. Tofauti iko wapi?"

Wouter anatoka nje kumpigia simu mtu mwenye mapipa ya kukodisha, na kupitia dirishani anaonekana akibishana naye bei.

Rozette alikuwa amepanga kwamba baada ya Desemba hatakanyaga tena chumba cha mapipa, atalima figili zake na kulala mpaka jua liwake. Sasa anasema atakuwa anakuja kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, bila mshahara, na koleo lake na glasi mbili, mpaka Julai ijayo.

Njiani kurudi kiwandani anasukuma baiskeli badala ya kuipanda. Mwandishi anamuuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza kule ndani: na ikifika Julai mzee hayupo?

"Nitaionja mwenyewe na nitalia sana," anasema. "Lakini siigusi mpaka siku yake ifike."