Baba alipokea isale la Babu, lakini hakumsamehe

Admin, naomba unifichie jina na kijiji. Sema tu ni mlimani, juu ya Usa River.

Mimi ni binti wa miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita na niko nyumbani nasubiri chuo. Si mwongeaji. Hata kanisani nikipangiwa kusoma somo natetemeka. Ila hili nimeshindwa kulimeza.

Jirani yetu ni mzee wa Kizungu. Mke wake alifariki, akastaafu, akauza nyumba ya kwao na kuja kuishi huku moja kwa moja. Namwita Babu. Mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi, kwa hiyo alijenga kwenye kiwanja cha baba, chini ya migomba, kwa makubaliano kwamba ataishi humo mpaka Mungu atakapomchukua, kisha nyumba ibaki kwetu. Kibali chake cha kuishi nchini kikikaribia kuisha, baba kama mwenyeji wake ndiye anayeandika barua ya kumdhamini Uhamiaji.

Babu ana betri ya moyo, kile kifaa kinachosaidia mapigo, na daktari amesema inatakiwa kubadilishwa hivi karibuni. Bima ya kwao ilikoma alipofuta ukazi wake wa kule. Za hapa zilimkataa kwa sababu ya umri. Imebaki moja ya wastaafu wanaoishi nje, na hiyo hailipi chochote kibali kikiisha. Akiba yake aliimalizia kwenye zile kuta.

Shida ilianzia kwenye masale, yale majani marefu tunayopanda mipakani na makaburini. Babu aliyaona yamezeeka, akayang'oa apande maua. Kumbe pale ndipo alipozikwa baba yake baba. Baba alifoka mpaka majirani wakatoka nje, akasema barua haandiki tena.

Babu alikuja kuniuliza amekosa nini. Nikamweleza. Nikamwambia kwetu mtu akikuletea jani la isale kuomba msamaha huwezi kumkataa, na ukishalipokea, kinyongo kimeisha. Nilimfundisha mpaka namna ya kulifunga fundo. Jumapili baada ya ibada alikuja na mzee wa kanisa, ameshika lile jani kwa mikono miwili kama mtoto anayekwenda kubatizwa. Baba alilipokea na kumkumbatia. Mama akaleta loshoro, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maziwa mgando. Babu alilia. Baba akasema mambo ya barua aachiwe yeye, atayamaliza mwenyewe mjini.

Siku chache baadaye nilimkuta baba anakata majani ya ng'ombe, nikamuuliza kama ameshaipeleka. Alicheka.

"Barua gani? Kibali kiishe, Uhamiaji watamtoa wenyewe. Mimi sijamfukuza mtu."

"Baba, si ulipokea isale?"

"Isale ni la watu wa mlima huu. Yeye ana ukoo gani hapa? Lile jani mbuzi ameshakula."

Nilimkumbusha kuhusu moyo wa Babu. Akaniuliza kwani kwao hakuna hospitali, si ndiko zinakotoka hizo betri? Nikajaribu kumweleza kwamba kule hana tena nyumba wala bima, na ataanza upya kutafuta kuandikishwa kama mkazi. Akaendelea kukata majani. Kisha akaniambia Babu akiniuliza niseme Uhamiaji bado wanashughulikia.

"Wewe ndiye anayekuamini. Ukifungua mdomo, mama, hicho chuo akakusomeshe mzungu wako, na usirudi hapa."

Tangu siku hiyo nadanganya. Kaka yangu ameshapima madirisha ya ile nyumba kwa ajili ya mapazia, maana wanataka kupangisha watalii. Babu alimkuta akipima, akafurahi, akadhani ni zawadi. Jioni nyumbani walicheka mpaka baba akapaliwa na chai. Nilimfuata mama jikoni. Akasema, "Ni baba yako. Usinifanye nichague," akaendelea kumenya ndizi.

Kinachonitesa zaidi ni kwamba Babu ametulia. Rafiki zake wazungu wa mjini walimshauri atafute mwanasheria, au mwenyeji mwingine mapema. Akawajibu kwamba hawajui mila za huku, baba yangu alipokea isale mbele ya mzee wa kanisa. Hayo maneno ni yangu mimi, nilimwambia kwa nia njema.

Kibali kinaisha mwezi huu. Nikimwambia, nimepoteza nyumbani na chuo, na mama atabaki na hasira za baba. Nikinyamaza, atakwenda hospitali na kadi yake mkononi, akaambiwe dirishani kwamba haifanyi kazi.

Leo aliniita nione alivyopanda upya masale palepale kaburini. Yameshika. Amesema kesho asubuhi atanichemshia chai nimweleze Uhamiaji wamefikia wapi. Nyie mnaojua mambo, dada zangu na mama zangu, nikishakaa pale na kikombe mkononi, nimjibu nini?