Wageni wa Harusi Ndani ya Telefone

Juzi binti yangu alichomeka telefone kwenye kompyuta yangu, na kompyuta ikaganda. Papo hapo nikasikia harufu ya petroli na ya sambaza, vidagaa vya ziwani, za kukaanga, harufu ya studio ya picha ya Papa Kambale kule Ndosho, mtaa wetu wa utotoni.

Nilikuwa bado mtoto. Mama alikuwa amerudi kutoka harusini Butembo, na picha zote zilikuwa katika telefone yake iliyokuwa inakata roho. Nilitaka kumwona koko, mama yake mama, ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Tukaipeleka studio, na Papa Kambale akaiunganisha na kompyuta yake. Kompyuta ikazimika. Akabadilisha waya, akapuliza tunduni vumbi jeusi la lava ya volkano yetu, akajaribu tena. Ikazimika tena.

"Mama, hii telefone yako inaua mashini yangu," alisema.

Mimi sikushangaa. Nilizijua harusi zetu. Nilidhani wageni wote walikuwa wanasukumana kwenye ule mlango mdogo wa waya.

"Papa, batu ni mingi," nikamwambia. "Baingie mumoja mumoja."

Mama akanikanya. Lakini Papa Kambale alinitazama kidogo, kisha akachagua picha moja tu. Ikapita. Akachagua nyingine. Ikapita. Jenereta ilinguruma nje, nami nikimwambia kila mgeni karibu.

Leo najua kompyuta ile ilikuwa inalemewa tu na picha nyingi kwa mpigo. Alasiri ile sikujua.

Koko alipita wa mwisho, Mama akinionyesha kwa kidole. Kabla ya kumtazama uso, nilikagua kitenge chake, nione kama walimsukuma pale mlangoni. Hakikuwa na mkunjo hata mmoja.